Protini Iliyochelewa Kufika

Umeme umekatika tena. Mvua ya asubuhi inapiga bati la hospitali ya misheni nje kidogo ya mji wa Kasulu, kwa nguvu kiasi kwamba watu walio chumba kimoja wanalazimika kupaza sauti. Pelagia Niyomwungere ameinama mbele ya mashine yenye ukubwa wa friji ndogo, mkono mmoja juu ya mfuniko wake, anasubiri kusikia mlio wa betri za sola zikipokea kazi.

Mlio unakuja. Anashusha pumzi, anajifuta jasho kwa kiwiko, kisha anacheka.

"Ikizima katikati, damu yote iliyokuwa njiani inapotea," anasema. "Inabidi urudi kwa mama, umwambie tunaomba tena mkono wa mtoto. Na mtoto ameshakujua sasa. Akikuona tu mlangoni, analia."

Pelagia ni mtaalamu wa maabara. Kazi yake, kwa maneno mafupi, ni kutambua protini za damu kwa kuzikimbiza. Ndani ya mashine hiyo kuna mirija ya kioo iliyo myembamba kama unywele. Tone la damu linaingia upande mmoja, umeme mkali unapitishwa, na protini zinasafiri ndani ya mrija hadi mwisho, ambako kuna taa inayozisubiri. Kila protini inafika kwa wakati wake, na kwa kuangalia wakati huo Pelagia anaweza kusema ni protini gani na imebeba chaji kiasi gani ya umeme.

Kwenye kioo cha kompyuta kila protini inapofika inachora mchongoko. Wenyewe wa maabara wanauita kilima.

Kwa akina mama wanaokaa kwenye benchi nje wakisubiri majibu, hasemi habari za chaji. Ana maelezo yake, ambayo anayatoa akiwa amechuchumaa mbele yao ili asiseme nao kutoka juu.

"Nawaambia hivi: fikirieni watu wanateremka mlima. Mteremko unawasukuma wote chini. Lakini kila mmoja ana watoto nyuma wanaomvuta nguo, mama turudi, mama turudi. Mwenye watoto wengi atafika wa mwisho. Wanacheka, maana wanajua kuvutwa nguo. Basi nawaambia, ile damu nzuri ya kawaida tunaiita A. Ile ya selimundu tunaiita S. Huyu S amepungukiwa mtoto mmoja, ndiyo maana anamtangulia A. Tukiona kilima kimetokea mapema, tunajua S yupo."

Selimundu, ugonjwa ambao wengi mitaani huuita sikoseli, Pelagia hakuusoma kwanza kwenye vitabu. Aliukuta nyumbani.

Alizaliwa Makere, kwenye familia ya wakulima wa mihogo na maharage. Babu na bibi yake walikuja kutoka Burundi wakikimbia mauaji, wakiwa na watoto mgongoni na sufuria moja. Wazazi wake walikulia Tanzania, na baadaye familia ikapewa uraia. Nyumbani walisema Kirundi, shambani Kiha na majirani, shuleni Kiswahili. "Mpaka leo nikistuka, ninastuka kwa Kirundi," anasema.

Mdogo wake, Nduwayezu, alikuwa mtoto wa kulia usiku. Mifupa ilimuuma, vidole vilivimba, macho yalikuwa ya njano. Mvua ikinyesha hali ilizidi. Majirani walisema ni ugonjwa wa baridi. Wengine walisema amechezewa. Mganga mmoja alimchanja chale magotini, mwingine akataka mbuzi mweusi. Mama yao alimbeba kutoka kijiji hadi kijiji, na kila alikofika aliambiwa jina jingine la ugonjwa.

"Watu walikuwa wanamwambia mama yangu mbele ya mtoto mwenyewe, huyu hataota ndevu," Pelagia anakumbuka. "Na yeye anasikia! Anakaa pale, anakula uji wake, anasikia."

Akiwa kidato cha pili, Nduwayezu alipelekwa hospitali ya wilaya akiwa hawezi kusimama. Huko ndiko mtu wa maabara aliyevaa koti lililofifia alipowatokea mlangoni na kumwambia mama yao, kwa Kiha, jina la ugonjwa. Hakuwapa dawa, wala hakuahidi kitu. Aliwaeleza tu mtoto ana nini, kwa nini maumivu yanakuja, na kwamba wasimwache akose maji wala akae kwenye baridi.

Pelagia alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, ameshika chupa ya chai. Anasema siku ile mama yake alilia, lakini si kilio alichokizoea. "Alilia kama mtu aliyetua mzigo. Nikasema moyoni, mimi nataka kuwa huyo mtu wa mlangoni."

Alisoma stashahada ya maabara Mwanza, akarudi Kasulu, akaajiriwa na hospitali ya misheni. Kwa miaka kadhaa alipima malaria, minyoo na wingi wa damu. Kisha mashine ikaletwa, msaada kutoka hospitali moja ya ng'ambo iliyokuwa imenunua mpya. Ilifika kwenye lori la saruji, imefungwa kwa magodoro.

Ilimchukua muda kuielewa. Alipelekwa Dar es Salaam kujifunza, akarudi na kukuta joto la chumba linaharibu majibu. Mirija inataka ubaridi usiobadilika. Chumba cha Kasulu mchana kinakuwa jiko, alfajiri kinakuwa pango. Walihamisha mashine mara mbili kabla ya kupata chumba hiki cha upande wa mashariki chenye kuta nene za matofali ya kuchoma.

Mtu wa kwanza aliyetoa damu siku ya majaribio alikuwa Nduwayezu. Ndiyo, yupo. Ana kibanda cha kutengeneza simu na redio pale Makere, ana mke, na ana ndevu anazozitunza kwa makusudi kabisa.

Majibu yake yalimshangaza dada yake. Kilima cha S kilikuwepo, kirefu kama alivyotarajia, lakini pembeni yake kulikuwa na kilima kingine kikubwa cha protini ambayo watoto huzaliwa nayo na ambayo kwa kawaida hupungua na karibu kuisha wakiwa bado wadogo. Kwa Nduwayezu haikuwa imeondoka. Protini hiyo huzuia chembe za damu zisijikunje kama mundu, na huenda ndiyo iliyomlinda miaka yote.

"Nilimpigia simu. Nikamwambia, wewe una damu ya kichanga mpaka leo. Akasema, basi mwambie mke wangu aniogeshe."

Lakini habari ambayo hospitali nzima ya Kasulu inaijua, na ambayo wahusika wenyewe wameruhusu iandikwe, ni ya mtoto mwingine. Anaitwa Antoinette. Nyumbani wanamwita Anto.

Mama yake, Nsimire, ni mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo. Anaishi kambi ya Nyarugusu, ambako anauza chumvi, sabuni ya vipande na mafuta ya mawese kwenye soko la kambi. Mume wake, Anaclet, ni seremala. Anto ni mtoto wao wa kwanza.

Anto alipokuwa na miaka minne aliugua homa mfululizo na kupungukiwa damu. Kwenye kituo cha afya alipimwa kwa kipimo cha haraka, kile cha kutonesha damu kwenye kikaratasi, na kikaonyesha ana S. Nsimire naye akapimwa, akakutwa nayo. Anaclet akapimwa. Hana.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na semina ya afya chini ya hema. Mtoa mada alieleza, na alieleza kweli, kwamba mtoto hupata ugonjwa wa selimundu pale anaporithi tatizo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Anaclet alikuwa amekaa katikati ya watu. Mtoto wake ameshaambiwa ni mgonjwa. Yeye ameambiwa ni mzima. Akafanya hesabu yake palepale.

"Alirudi nyumbani," Nsimire anasimulia kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Alichukua randa yake na nguo zake. Nikamuuliza, Baba Anto, unaenda wapi? Akasema, muulize baba ya mutoto wako. Alisema hivyo mbele ya majirani. Mbele ya bamama ba kwaya! Mi nilisimama na mwiko mu mukono."

Anaclet akahamia kwa kaka yake, upande mwingine wa kambi. Maneno yakasambaa. Kwenye bomba la maji wanawake walinyamaza Nsimire alipofika. Na mtoto, ambaye hakujua lolote, aliendelea kusimama njiani jioni akimsubiri baba yake.

Nsimire alipata kibali cha kutoka kambini kwa ajili ya matibabu, na gari la wagonjwa likawaleta Kasulu. Alikuja kutafuta dawa. Kituoni alikuwa ameambiwa mwanawe atahitaji dawa maisha yake yote, na alitaka zianze mapema. Daktari Saady, anayeshughulikia watoto, aliagiza damu ipite kwanza kwenye mashine ili wajue hali halisi kabla ya kuanza chochote.

Pelagia anakumbuka alivyokaa mbele ya kioo. Kilima cha S kilitokea mapema, mahali pake. Akangoja A. Kama A ingetokea, Anto angekuwa amebeba tu S bila kuugua, kama mama yake, na jambo lingekuwa limekwisha.

Wakati wa A ukafika na kupita. Ndipo kikatokea kilima kingine, kikubwa sawa na cha kwanza, kimechelewa kidogo.

"Kidogo sana. Mtu mwenye haraka angesema hiyo ni A tu imechelewa kwa sababu ya joto. Na mimi nilitaka iwe A! Yule mama alikuwa nje amempakata mtoto, nilitamani nitoke nimwambie twendeni nyumbani."

Hakutoka. Alisafisha mirija, akarudia. Kilima kikachelewa vilevile. Akachukua damu yake mwenyewe, ambayo anajua ni A tupu, akaichanganya na ya Anto kwenye kichupa kimoja. Kama protini ile ilikuwa A, vilima viwili vingeungana kuwa kimoja. Havikuungana. Vilisimama vitatu: S mbele, A katikati, na hicho kigeni nyuma.

Kisha akapima umbali kwenye kioo. Kutoka S hadi A ilikuwa karibu sawa na kutoka A hadi kile kigeni. Hapo akaelewa jambo moja. Kama S amepungukiwa chaji moja, huyu mgeni ana chaji moja ya ziada. Kwa lugha ya benchi la nje, ana mtoto mmoja zaidi anayemvuta nguo.

Alimwita Daktari Saady. Wakakaa wote wawili mbele ya kioo, chai ikapoa.

"Sikuwa nimewahi kuona kitu kile," anasema Daktari Saady. "Dada Pelagia naye hakuwahi. Tulijua ni protini nyingine, tulijua chaji yake kwa makadirio, lakini hatukujua tabia yake. Zipo zinazoungana na S na kumtesa mtoto. Zipo ambazo hazina neno. Ningempa dawa ya maisha mtoto asiyeihitaji, au ningemnyima anayeihitaji. Vyote viwili vinatisha."

Waliamua mambo mawili. Sampuli itumwe maabara kubwa Dar es Salaam, ambako wanaweza kusoma vinasaba vyenyewe. Na wazazi wote wapimwe kwenye mashine. Damu ya Nsimire ilipitishwa kwanza, ikatoa vilima vya S na A tu. Ile nyingine haikuwa kwa mama, kwa hiyo kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuulizwa.

Hapo ndipo Pelagia aliposita. Hospitali haipimi ubaba, na hakutaka maabara yake igeuke baraza la ndoa za watu. Alimpeleka Nsimire pembeni, kwenye kijichumba cha kuhifadhia shuka.

"Nilimwambia, Mama Anto, tukimpima baba jibu linaweza kuja lolote. Ukisema hapana, hakuna mtu atakayekulaumu, na mtoto tutaendelea kumtibu."

Nsimire alimtazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Dada, unaniuliza kama naogopa? Mumupime. Mumupime hata leo. Mi najua mutoto wangu alitoka wapi."

Kumpata Anaclet hakukuwa rahisi. Aliitwa, hakuja. Akaitwa tena, akatuma salamu kwamba yeye ameshapimwa na ni mzima. Mwishowe Pelagia alipanda gari la timu ya hospitali inayokwenda Nyarugusu kila wiki, akamfuata kwenye karakana. Alimkuta anapiga randa mbao ya mlango, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Munganga, unapoteza safari," alimwambia bila kusimama. Munganga ndiyo daktari kwa Waswahili wa Kongo, na Pelagia hakumsahihisha. "Mi nilipimwa. Banasema sina S."

"Ni kweli huna," Pelagia alimjibu. "Kile kipimo kiliulizwa swali moja, kwamba una S au huna. Kikajibu sawasawa. Lakini hakikuulizwa una nini."

Randa ikasimama.

"Kwa hiyo naweza kuwa na kitu kingine?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja. Mtoto ana protini ambayo mama yake hana. Dokta hawezi kumpa dawa mpaka tuielewe."

Anaclet alikaa juu ya gogo. Aliokota vipande vya mbao, akawa anavivunjavunja. Pelagia anasema alishajiandaa kuondoka mikono mitupu. Kisha yule baba akauliza swali ambalo hakulitarajia.

"Iko namna gani, mutoto? Anakula?"

"Anakula. Anapenda maharage ya hospitali, kuliko mimi ninavyoyapenda."

"Alikuwa anakataa maharage," Anaclet alisema, na akageuza uso. Baadaye akakunja mkono wa shati mwenyewe.

Damu ya Anaclet ilisafiri hadi Kasulu kwenye kiboksi cha barafu, barabara ikiwa tope tupu baada ya mvua. Pelagia hakutaka kuisubiri kesho. Aliiweka, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu ashike kazi hiyo alijikuta hawezi kukaa. Alisimama akitazama ukuta.

Kilima cha kwanza kilikuwa A. Kizuri, kimenyooka. Na baada ya A, palepale, kwa kuchelewa kulekule, kikapanda cha pili. Akaweka picha ya damu ya mtoto juu ya picha ya damu ya baba. Vilima viwili vya nyuma vikalaliana, kimoja kikaingia ndani ya kingine hadi kikaonekana kimoja.

"Nilipiga kelele," anasema. "Kirundi kilitoka chenyewe. Dokta Saady akaja mbio akidhani nimeungua."

Jibu la Dar es Salaam lilikuja baadaye na kuthibitisha makadirio yao. Ilikuwa protini adimu, yenye chaji moja ya ziada, inayorithiwa kimyakimya katika baadhi ya koo bila kumdhuru mtu. Ikikutana na S haileti ugonjwa. Anto hakuwa na selimundu. Homa zake zilikuwa malaria ya kurudiarudia, na damu ilikuwa imepungua kwa malaria hiyo na kwa minyoo. Alitibiwa, akawekewa chandarua, basi.

Daktari Saady aliwaita wazazi wote wawili chumbani kwake. Pelagia alikuwepo, akawaonyesha zile picha mbili. Alieleza polepole. Alisema mashine haikuundwa kusema nani baba ya nani, na kwamba asingependa kuitumia hivyo, lakini protini kama hii haiokotwi njiani, na mtoto anayo ileile ya baba yake.

Anaclet aliweka mikono kichwani. Alianza kusema maneno ya kuomba msamaha. Nsimire akamkatiza.

Hapa ndipo wengi wanaosimulia habari hii hupenda kusema walikumbatiana. Nsimire mwenyewe anakataa.

"Hapana! Mi nilikasirika. Miezi yote ile nilinyamaza sababu sikuwa na nguvu ya kukasirika. Ile siku nikapata nguvu. Nikamwambia, Anaclet, haukunitukana mu chumba. Ulinitukana mbele ya batu. Basi nenda unisafishe mbele ya batu."

Na alikwenda. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, Anaclet aliomba ruhusa ya mchungaji akasimama mbele ya kanisa la kambini. Hakuwa mtu wa maneno. Alisema: nilimsingizia mke wangu, mtoto ni wangu, damu yangu imeonekana ndani yake, na mimi ndiye niliyekosa. Kisha akaketi. Wanawake wa kwaya, walewale wa bomba la maji, walianza kuimba bila kuambiwa.

Hakurudi nyumbani siku hiyo. Nsimire alimpa muda wa kusubiri, na anasema hajutii. Anaclet alikuwa anakuja kila jioni kukaa na mtoto mlangoni, halafu anarudi kwa kaka yake. Siku moja alikuja amebeba kitanda kidogo alichokitengeneza kwa mbao alizobakiza, kina urefu wa mtoto. Anto alilala juu yake papo hapo, na viatu. Nsimire akamwambia mume wake aingie ndani, chakula kinapoa.

"Sasa tuko sawa," anasema. "Akinisumbua namukumbusha kile kilima."

Habari ya Anto ilibadilisha utaratibu wa hospitali. Sasa mtoto anayekutwa na S kwa kipimo cha haraka haambiwi ni mgonjwa kabla damu yake haijapita kwenye mashine. Na kwenye semina za afya, Pelagia huomba kupewa nafasi ya kusema mwishoni. Huwaambia watu wasifanye hesabu za ndoa kwa majibu nusu.

Bado kazi ni ngumu. Dawa ya maji inayotumika ndani ya mirija huchelewa kufika kutoka Dar es Salaam, na ikiisha mashine hukaa kimya huku benchi limejaa. Kuna siku jibu analolitoa ni lile asilolitaka. Watoto wengi wanaoletwa wana selimundu kweli, na wengine wanaletwa wakiwa wameshapooza upande, au wakiwa wamechelewa mno.

"Hao ndio wanaonifanya nisilale," anasema. "Si kwa sababu hatuna dawa. Dawa ipo. Ni kwa sababu hakuna aliyejua mapema."

Ndiyo maana siku mbili kila mwezi Pelagia huacha chumba chake chenye kuta nene, akapanda basi la kwenda Kibondo, na kutoka hapo pikipiki hadi zahanati ya Kitahana. Barabara inapanda na kushuka kati ya migomba na mashamba ya mihogo, na vumbi lake jekundu humvika koti la pili. Huko anamfundisha muuguzi Dorcas, aliyewahi kufanya kazi kambi ya Mtendeli kabla haijafungwa, namna ya kuchukua tone la damu kwenye kisigino cha kichanga na kulikausha kwenye karatasi nene. Tone hilo likikauka linaweza kusafiri hadi Kasulu bila barafu.

Mtoto akijulikana tangu kuzaliwa, anaanza dawa za kumkinga na vichomi, anapata chanjo, na wazazi wanafundishwa dalili za hatari kabla hazijafika. Mpango wa Pelagia ni kila kichanga kinachozaliwa Kibondo na Kasulu kipimwe. Hospitali imeshakubali kuanza na zahanati za kata chache. Kibondo nao wametenga chumba, wanatafuta mashine yao.

"Ikipatikana, nitahamia huko mwaka mzima nikawafundishe," anasema. "Nimeshamwambia mume wangu. Amesema atakuja na mbegu zake za maharage."

Siku tulipofuatana naye Kitahana, mama mmoja alikuwa amejifungua pacha usiku wa kuamkia siku hiyo. Wa kwanza, msichana, alichomwa kisigino akalia kwa hasira. Wa pili hakuamka hata. Matone yao mawili yaliwekwa kwenye karatasi, yakakauka kwenye dirisha lenye upepo, jina la mama na namba ya pacha vikaandikwa pembeni ya kila moja.

Mama yule aliyatazama madoa yale. Alimwamkia Pelagia kwa Kiha, kisha akamuuliza kama yataonyesha kwamba watoto wake ni wazima.

"Siwezi kukuahidi ni wazima, mama," Pelagia alimwambia, akimfunika vizuri yule aliyelala. "Ila nakuahidi kwamba tutajua walivyo kabla hawajaanza kukaa wenyewe."

Mama akasogea ukutani, akampa nafasi ya kuketi pembeni yake kitandani, na akamkabidhi yule anayelia.